Paipu Kumi Katika Pipa la Konseye

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usijali, nitakukumbusha upesi. Ukimaliza kunisikiliza, nitukane. Nastahili.

Mimi ni Ismaël, fundi wa bodi za magari, mzaliwa wa Nyakabanda, hapa Kigali. Mwaka huo wa 1991, vita vya mpakani vikiwa vimeshatimiza mwaka, mimi na mwenzangu Melchior tulikuwa tunaunda gari uani kwangu. Tulichukua Volkswagen iliyopinduka, ile ya mgongo wa kobe, tukaivua bodi yote. Tukabaki na sakafu, injini na magurudumu. Juu yake tukawa tunajenga kizimba cha paipu. Halikuwa na mlango wala paa wala kioo. Mtaani wakaliita gari la mifupa.

Wacheke tu. Lilikuwa jepesi, lina matairi mapana nyuma, na mlimani lilipanda kama mbuzi. Mfanyabiashara mmoja wa Kibagabaga, Karangwa, alilitaka kwa shamba lake la Gahanga, ambako masika barabara inageuka uji.

Mashine ya kukunja paipu hatukuwa nayo. Melchior alikuwa na njia aliyojifunza kwao Bujumbura. Unajaza paipu mchanga, unaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, unaichoma kwenye makaa mpaka iive, halafu unaikunja polepole. Mchanga unaizuia isibonyee. Lakini mchanga huo lazima ukaangwe kwanza juu ya bati, ukauke kabisa. Kila siku Melchior alikuwa ananiambia, "Isma, maji na moto ndani ya chuma havikai nyumba moja."

Jumanne Karangwa akatuma neno kwamba kesho anakuja kuliona gari. Melchior hakuwepo. Mimi na kiherehere changu nikasema, ah, mchanga ni mchanga. Nikachota uliolowa mvua, nikajaza paipu moja, nikaitia motoni.

Ikapasuka.

Kipande cha chuma kiliruka kikatoboa bati la nyumba ya Munyaneza, konseye wetu, yaani kiongozi wa mtaa. Na wakati huo hapa Kigali, mlio mmoja tu ulitosha watu kuingia chini ya vitanda. Askari walipofika wakakuta paipu nyingine kumi zimeegemea ukuta, zimejazwa kitu, zimezibwa huku na huku. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Wakaniuliza, "Hivi ni vitu vya nani?"

Nikajibu, "Vya yule Mrundi. Mimi nimempangisha ua tu. Nilikuwa nimelala ndani."

Mdomo wangu huu huu. Melchior aliporudi na mfuko wake wa sokoni, wakamchukua. Hakujua nani aliyemtaja.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikiliza ya Ijumaa.

*

Ijumaa asubuhi, nikiwa bado sijanawa uso, Xavérine mke wa Melchior akabisha hodi. Alikuwa ameshika sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa.

"Shemeji, umeamka?"

"Nimeamka, shemeji. Karibu."

"Sikai. Nimeleta maharage na ndizi. Umpelekee. Mimi wakiniona getini wananifukuza, wewe wanakusikiliza."

Kweli walikuwa wananisikiliza. Mtu aliyewapa jina la mwenzake, kwa nini wasimsikilize?

"Shemeji," akasema, "watu wote wa mtaa wamenikimbia. Hata wale tunaosali nao parokiani wananipita njiani kama hawanijui. Ni wewe peke yako. Mungu atakulipa."

Nilitaka kumwambia pale pale. Nilifungua mdomo kabisa, wallahi. Nikasikia sauti yangu inasema, "Usijali, shemeji. Leo anarudi."

Leo anarudi! Nani alinituma kusema hivyo? Akapiga magoti pale mlangoni, akanishika mikono. Nikamwinua nikiwa nimekufa kwa aibu.

Basi nikaenda kituoni. Sitakitaja ni kipi, na mkubwa wa hapo nitamwita ajida tu, kwa cheo chake. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ndio ulikuwa unatisha.

"Fundi," akasema, "umekuja na chakula tena. Unampenda sana mpangaji wako."

"Ni binadamu, shefu."

"Bon, sawa. Mpe leo ale vizuri. Kesho asubuhi anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

Ajida akarudi kwenye karatasi zake. Siku zile watu walikuwa wanaondoka, na wake zao wakawa wanazunguka na sufuria kutoka geti moja hadi jingine mpaka wakachoka. Sikuuliza mara ya pili.

Hapo ndipo nilipopata ile niliyoiita akili.

"Shefu, zile paipu kumi ni mchanga tu. Fungua moja, utaona."

"Nani afungue? Mimi nipoteze mkono? Au wewe, unimwagie ushahidi chini, halafu uniambie ni mchanga?"

"Basi usifungue. Chagua yoyote wewe mwenyewe. Iwekwe motoni mbele yako hivyo hivyo ilivyozibwa. Melchior aikunje. Bomu haliwekwi motoni likakunjwa. Ikikunjika, ni kazi ya fundi, mtu arudi kwa mkewe."

Nilisema hivyo kwa kifua mbele kabisa. Kwa nini nisiseme? Paipu zile kumi alizijaza Melchior mwenyewe, kwa mchanga wake aliokaanga. Kwenye kila kizibo alikuwa ametoboa tundu dogo la kupumulia. Hazikuwa na kasoro hata moja.

Ajida akafikiri. Akatabasamu kidogo.

"Saa nane. Nyumbani kwa konseye, ndiko paipu ziliko. Lete moto wako."

Nilitoka pale naruka. Nilimpitia Xavérine, nikamwambia ajiandae, saa nane aje achukue mume. Akapiga vigelegele peke yake chumbani. Nikapakia jiko la makaa na mivukuto kwenye ngorofani, lile toroli la gurudumu moja, nikaisukuma mpaka kwa konseye nikiimba.

*

Munyaneza konseye alikuwa ananisubiri uani, amevaa koti lake la mikutano. Kiswahili chake ni kile cha mjini kwetu, anakisukuma kama anavyosukuma kura.

"Fundi! Wewe iko na bahati mimi ni mutu ya akili. Ile vitu yako ingeua watu hapa. Lakini mimi nimeiua kwanza."

"Umeiua vipi, konseye?"

"Kuja uone."

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Palikuwa na pipa. Ndani ya pipa, paipu zangu kumi zimesimama, nusu nje, nusu majini.

"Siku tatu!" akasema, amejaa fahari. "Asubuhi naweka kichwa, jioni nageuza naweka miguu. Bomu yote ikikunywa maji inakufa. Baba yangu alikuwa anaua nyuki hivyo hivyo."

Nilishika ukingo wa pipa, nikazihesabu mara mbili.

"Fundi, nini? Iko unafurahi?"

Nilichomoa paipu moja, nikaangalia kizibo. Mti ulikuwa umekunywa maji ukavimba. Lile tundu la kupumulia lilikuwa limefumba kabisa, hata sindano isingepita. Nikaitikisa. Mchanga uliokuwa ukicheza ndani kama mchele sasa ulikuwa kimya, umeshikana, mzito.

Ile ya Jumanne ilikuwa na unyevu tu wa mvua, na ilitoboa bati umbali wa nyumba tatu. Hizi zilikuwa zimekunywa siku tatu.

"Konseye," nikasema, "niazime nyundo. Nizifungue sasa hivi, nikaange mchanga kabla hawajafika."

"Ah, ah! Ajida amekataza. Mutu akigusa kizibo, mimi ndiyo nafungwa."

"Zitapasuka!"

"Zitapasuka namna gani? Zimekufa!"

Kabla sijamaliza kubishana naye, gari la askari likaunguruma getini.

*

Walimshusha Melchior. Siku tatu tu, na shati lilikuwa linamning'inia. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga. Aliponiona, akacheka. Jamani, alicheka!

"Isma! Nilijua utakuja. Niliwaambia, subirini rafiki yangu aje, yeye ataeleza kila kitu."

Nikaangalia chini.

Xavérine naye alikuwa ameshafika, amevaa kitenge chake cha Jumapili, amesimama karibu na ua wa miti ya miyenzi kwa sababu askari walimkataza kusogea. Mume wake akampungia kwa mikono iliyofungwa.

"Mfungueni mikono," ajida akawaambia askari. "Konseye, lete moja."

Konseye akaleta paipu. Ilikuwa inachuruzika maji. Alipoipita mbele ya Melchior, nikaona kicheko kinamtoka usoni.

"Imelowa," Melchior akasema. "Nani ameilowesha?"

"Mimi," konseye akajibu. "Kwa usalama."

"Shefu," Melchior akamgeukia ajida, "hii haiwezi kwenda motoni. Nipe nusu saa niifungue, niukaushe mchanga."

"Hakuna kufungua. Fundi mwenzako ameniahidi: yoyote, hivyo hivyo ilivyozibwa. Sasa inakuwaje? Kama ni mchanga, mnaogopa nini?"

Nikasema, "Shefu, ni maji. Maji yakichemka ndani ya chuma kilichozibwa, yanapasua. Ndiyo ilivyokuwa hata Jumanne."

Ajida akanisogelea, na ile sauti yake ya chini.

"Jumanne? Wewe unajuaje ilivyokuwa Jumanne? Si uliniambia ulikuwa umelala ndani?"

Kumbe nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe.

"Haya, niambie," akaendelea. "Nani aliweka mchanga wa maji?"

"Si mimi, shefu," Melchior akajibu mbio. "Mimi siku hiyo nilikuwa sokoni. Na mchanga wangu nakaanga, Isma ni shahidi. Isma, mwambie. Mwambie namna ninavyokaanga."

Watu wote wakanigeukia: ajida, askari, konseye, na Xavérine pale kwenye miyenzi. Nilikuwa na njia mbili. Ningesema sijui, na mtu wa watu angekwenda zake kesho. Au ningesema.

Nikasema.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyejaza ile iliyopasuka. Mchanga ulikuwa mbichi. Melchior hakuwepo."

Nilidhani nikishasema nitapata nafuu, kama mtu aliyetapika. Wapi! Ajida alikuwa anachomoa daftari mfukoni.

"Inafurahisha," akasema. "Kwa sababu hapa nimeandika maneno yako ya Jumanne. Nisome?"

"Hapana, shefu."

Akasoma. Alisoma polepole, neno kwa neno, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Vitu hivi ni vya yule Mrundi. Mimi nimempangisha ua tu. Anachokifanya humo sikijui. Nimemwogopa siku nyingi."

Hayo ya mwisho hata wewe msomaji sikukuambia. Niliona haya. Ndiyo, niliyasema.

Melchior hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Shemeji," Xavérine akasema kutoka kule alikosimama. "Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Jana nilikupa chakula cha mume wangu," akasema. "Na leo nilikupigia magoti." Hakulia. Alikaa chini penye matope na kitenge chake kizuri.

Ajida akafunga daftari.

"Bon. Fundi mmoja ana maneno mawili. Jumanne anasema hivi, Ijumaa anasema vile. Lipi la uongo? Mimi siwezi kujua. Moto utajua." Akaonyesha jiko. "Iwekeni. Nyote wawili. Ikikunjika, nyote mnakwenda nyumbani, hata mimi nitapanda hilo gari lenu. Ikipasuka, basi yalikuwa mabomu, na mimi sitakuwa na mtu wa kuhoji tena."

"Shefu, na kama tukikataa?"

"Basi gari langu lina nafasi ya wawili kesho asubuhi."

Akawaamuru askari warudi nyuma. Yeye mwenyewe akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa jikoni kwa konseye, anachungulia. Mtu asiyeamini kwamba maji yanapasua chuma, mbona anajificha? Nilitaka kumuuliza.

*

Kazi ile hufanywa na watu wawili. Mmoja anavukuta mivukuto na kuangalia rangi ya chuma. Mwingine anashika ncha kwa gunia lililoloweshwa, na chuma kikiiva anaivuta ncha kuelekea kwake ili ikunjike. Siku zote mvukutaji alikuwa Melchior, mshikaji mimi.

Melchior alichutama mbele ya makaa. Akaigusa paipu, akakipapasa kizibo cha kwanza kwa kidole gumba, kisha cha pili. Akasikiliza uzito wake mkononi. Nilikuwa namjua. Mtu huyo akigusa chuma namna hiyo, ana jambo kichwani.

"Kuna njia?" nikanong'ona.

Akaigeuza paipu upande wa pili.

"Melchior, kama kuna njia niambie. Piga kelele, nitukane, nipige. Lakini niambie."

"Shika ncha," akasema.

Ncha moja aliibana kati ya mawe mawili makubwa, akaipigilia jiwe la tatu kwa nyuma, kizibo cha upande huo kisiweze kwenda popote. Ncha ya pili ndiyo iliyokuwa yangu. Nikaloweka gunia ndani ya pipa la konseye, nikashika. Kizibo kilinielekea mimi tumboni, pale chini ya kifua.

Halafu akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Sisi paipu tunaichoma katikati. Yeye akaisogeza, akaisogeza tena, mpaka makaa yakawa karibu na ncha yangu, shubiri mbili tu kutoka mikononi.

Nikaelewa nusu. Mvuke lazima utafute pa kutokea. Upande wa mawe ameufunga. Umebaki upande mmoja, na upande huo nimesimama mimi. Kizibo kikichomoka, maji na mchanga vitatoka mbele ya macho ya ajida, na kila mtu ataona ni mchanga. Tutakuwa tumepona. Yaani yeye atakuwa amepona. Kuhusu mimi, inategemea kizibo kitatoka kwa nguvu gani.

Je, alikuwa anatuokoa, au alikuwa ananilenga? Namjua Melchior miaka sita. Nimekula kwake, amekula kwangu. Sikuweza kujua.

"Naweza kusimama pembeni?" nikauliza.

"Ukikaa pembeni itacheza. Ikicheza inapasuka katikati." Akaanza kuvukuta. "Shika sawasawa."

Makaa yakawaka. Paipu ikabadilika rangi, ikawa nyeusi, kisha ya damu iliyoganda. Maji yakaanza kutoka pembezoni mwa kizibo, matone madogo madogo yanayochemka. Gunia likatoa moshi. Ndani ya chuma nikasikia kitu kinanguruma, na ile ngurumo ikanipanda mikononi mpaka mabegani.

"Rudi, shemeji!" nikampigia kelele Xavérine, kwa sababu alikuwa amesimama na anakuja. Hakunisikiliza. Alikuja akasimama nyuma ya mume wake, akaweka mkono begani kwake. Askari hawakuthubutu kusogea kumzuia.

"Melchior," nikasema. Machozi yalikuwa yananitoka, sijui ya moshi au ya woga. "Nisamehe. Kabla haijatoka, nisamehe."

Akainua uso. Lile jicho lake moja zima likanitazama, kwa muda mrefu kuliko muda tuliokuwa nao.

"Angalia paipu, Isma," akasema, akavukuta tena, kwa nguvu zaidi.

Kizibo kikasogea upana wa ukucha. Mimi nilikuwa bado nimeshika.